Watatu Mlangoni Alfajiri

Wubishet Lemma hakuwa na bahati na makundi. Hakuwa mgomvi wala mvivu. Alikuwa mtu wa kubeba viti mkutano ukiisha, mtu wa kukumbuka nani anafunga na nani hafungi kabla ya chakula kuagizwa. Hata hivyo kila kundi alilojiunga nalo lilimfia. Timu ya mpira ya mtaani kwao ilisambaratika mwaka ule ule aliochaguliwa nahodha. Ushirika wa kujenga nyumba ulikufa kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mvi zilipoanza kumtoka alikuwa amezoea kuingia kwenye kundi kama mtu aingiavyo nyumba ya kupanga: jicho moja mlangoni, mizigo haijafunguliwa.

Alikuwa mtunza bohari wa idara moja ya maji, Addis Ababa. Aliishi kati ya mabomba, koki na mita zilizokufa. Wakuu wake walikuja wakiwa vijana, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na shahada yake ya uzamili ukutani, na wote walimwita Gashe, kaka mkubwa, kwa heshima zote, kisha wakamtuma. Hakuwachukia. Ila jioni moja, akifunga bohari, aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, hofu ya kwamba atazikwa akiwa mtu aliyeanza mambo tu. Wiki ile ile akajiandikisha uzamili wa biashara katika chuo kimoja cha jioni.

Masomo ya darasani aliyafaulu yote. Kilichobaki ni kazi ya kufungia shahada, na hiyo, kwa kanuni ya chuo, haifanywi na mtu peke yake. Watu wanne hutafuta biashara ya kweli yenye shida ya kweli, hukaa nayo, huiandikia dawa, halafu husimama wote wanne mbele ya jopo na kuitetea dawa yao. Kundi lake la kwanza lilivunjika pale kiongozi wao alipopata bahati nasibu ya viza akaruka kwenda Amerika na kompyuta iliyobeba kila kitu. La pili lilivunjika kwa vita: mwenzao alikwenda kaskazini kuwaona wazazi, barabara zikafungwa nyuma yake. Chuo kiliruhusu majaribio matatu. La tatu likipotea, masomo yote ya nyuma yanafutwa, na mtu wa umri wa Wubishet haanzi tena.

Nje ya wenzake wa chuoni, jambo hilo alimwambia mkewe peke yake. Mkewe akaichukua suti nyeusi ya mumewe akaipeleka kwa dobi.

Kundi la tatu lilikuwa zuri kuliko yote, na uzuri huo ndio uliomtia hofu zaidi. Kulikuwa na Kalkidan, msichana wa benki mwenye ulimi mwepesi. Kulikuwa na Seifu, muuza saruji, ambaye hakuna jambo asiloliona kama mzaha. Na kulikuwa na Yeshihareg, karani wa kiwanda cha unga, mwanamke mpole wa miaka thelathini na kitu, ambaye ndiye hasa aliyeibeba kazi. Biashara waliyoichagua ilikuwa ya akina mama wanaopika injera, ile mikate mipana na laini kama chapati, na kuzisambaza kwenye mabweni. Wengine walikwenda pale mara chache na maswali yao ya kuandika. Yeshi alikwenda akafunga kitambaa kichwani, akakaa nao kwenye moshi mpaka wakasahau kuwa ni mgeni. Kila kilichokuwa na uzito katika taarifa ile kilitoka kwake.

Siku ya jopo ilipangwa, saa nne asubuhi. Jioni ya kuamkia siku hiyo, msimamizi wao, Dokta Fikirte, akawatumia ujumbe kwamba utaratibu umebadilika: jopo ndilo litakalochagua nani aeleze sehemu gani. Kila mmoja alipaswa kuijua kazi nzima. Wubishet akampigia Yeshi. Simu haikupatikana. Umeme ulikuwa umekatika nusu ya mji, na upande wa Gulele, alikokaa Yeshi, ulikuwa umekatika tangu mchana.

Akaamua, na uamuzi ulikuwa wake, kwamba kukipambazuka waende wote watatu kwa Yeshi, wapitie kazi pamoja, kisha waondoke naye moja kwa moja hadi chuoni. Kalkidan alisema sawa, atapitia kanisani kwanza maana ulikuwa mfungo. Seifu alisema sawa, mradi kuna kahawa.

Ndivyo walivyofika. Ukungu wa milima ya Entoto ulikuwa bado umelala juu ya mabati. Wubishet alikuwa ndani ya suti yake nyeusi. Seifu naye alikuwa ndani ya nyeusi, kwa sababu kundi lilikubaliana kuvaa nyeusi mbele ya jopo. Kalkidan alikuwa na gauni jeusi na shuka jeupe la kanisani aliloliviringisha kichwani kwa ajili ya baridi. Hawakuwa wamelala vizuri, na nyuso zao zilikuwa nyuso za watu wasiolala. Wubishet akabisha lango.

Hakuna mtu wa mji huu ambaye angefanya vile akiwa na akili zake. Kwetu habari ya kifo haipigiwi simu. Mwenye msiba huachwa alale usiku wake wa mwisho wa amani, na alfajiri ndugu na marafiki huja pamoja, wamevaa inavyopasa, wakabisha. Mtu akifungua lango akaona watu zaidi ya mmoja kwenye ukungu, haulizi wamefuata nini. Wubishet mwenyewe alikuwa amesimama kwenye malango ya namna hiyo mara nyingi. Lakini asubuhi ile kichwa chake kilijaa mada na majedwali ya taarifa yao, na hakujiona.

Yeshi alifungua akiwa na birika mkononi. Akamtazama Wubishet, akamtazama Seifu, akamtazama Kalkidan na shuka lake. Birika likaanguka.

"Baba," alisema. Hakusema kwa sauti kubwa. Kisha akakaa chini pale pale, kwenye maji, na sauti ikamtoka ambayo wote watatu waliijua.

Baba yake, mzee Shewangizaw, aliishi peke yake milimani, njia ya Debre Birhan. Alikuwa ametoka hospitali majuzi na kukataa kubaki mjini. Simu yake ilikuwa ya kuzimwa ili chaji isiishe, ikifunguliwa Jumapili tu baada ya kanisa. Haya Wubishet aliyajua. Aliyakumbuka sasa, yote kwa pamoja.

Wakaanza kumwapia. Kalkidan akapiga magoti, akamshika mabega, akaapa kwa Mariamu kwamba hakuna kilichotokea, kwamba wamekuja kwa ajili ya mtihani. Yeshi alimtazama kwa macho yaliyokaribia huruma.

"Alipokufa mama walikuja hivi hivi," alisema. "Walisema wamekuja kuazima sufuria. Wakaapa kwa Mikaeli."

Maana ndivyo inavyofanywa. Wanaoleta habari huanza kwa kukana. Husema mgonjwa hajambo, husema amezidiwa kidogo, hushuka ngazi moja moja mpaka chini. Kila kiapo cha Kalkidan kilikuwa ngazi nyingine. Bibi mwenye nyumba, Emama Zewditu, akatoka chumbani kwake akaona mambo, hakuuliza neno. Akageuza shuka lake upindo ukaja shingoni, kama wafiwa wavaavyo, akaanza kulia. Majirani wakasikia. Seifu alijaribu kueleza akashindwa kwa sababu mdomo wake, kwa mazoea, ulikuwa unatabasamu, na mwanamume mmoja akamwambia kwa ukali kwamba mlango wa msiba si mahali pa kuonyesha meno.

Kisha likasikika tarumbeta. Mpiga mbiu wa chama cha kuzikana alikuwa ameshaamshwa, anapita vichochoro akipuliza na kutangaza kwamba baba wa Yeshihareg hayupo tena.

Mwenyekiti wa chama, Ato Tessema, alifika na vijana waliobeba nguzo za hema. Alikuwa mstaafu wa posta, mtu wa utaratibu, ambaye hakuwahi kuonekana bila mhuri wa chama mfukoni mwa koti. Wubishet akamvuta pembeni akamweleza kila kitu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nani kakuambia yu hai?" aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia amekufa."

"Hilo si jibu, mwanangu. Tarumbeta limeshapigwa. Pumzi iliyotoka hairudishwi ndani ya tarumbeta." Akawageukia vijana akawaonyesha pa kuchimbia nguzo.

Wubishet akampigia Dokta Fikirte. Alieleza yote, kwa mpangilio alioweza. Dokta hakuwa mtu mbaya. Alisema kundi ni watu wanne au si kundi, na kanuni haikuandikwa naye. Jambo moja tu husimamisha saa: msiba wa mzazi. Wakileta barua ya chama cha kuzikana yenye mhuri, hata picha yake kwa simu, kabla ya saa nne, jopo litaahirishwa na jaribio halitahesabiwa.

"Je, ni msiba?" aliuliza.

"Hatujui, Dokta."

"Basi jueni."

Seifu alikuwa amesikia. Akamsogeza Wubishet nyuma ya choo cha uani, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Gashe, sikiliza. Yeye ameshaamini. Mwambie ni kweli. Mwambie maziko ni jioni, asimame mbele ya jopo kwa muda wa saa moja tu kwa heshima ya baba yake aliyemsomesha, halafu tunampeleka sisi wenyewe. Akifika akamkuta mzee anakula, atatulaani kidogo, atatusamehe. Mimi na Kalkidan tunaweza kurudia mwakani. Wewe je?"

Wubishet alirudi ndani. Wanawake walikuwa wamemketisha Yeshi kwenye godoro sakafuni, wakampisha apite kwa sababu walimdhani ndiye mwenye neno. Akapiga magoti mbele yake. Maneno ya Seifu alikuwa nayo mdomoni, tayari, yamepangwa. Yeshi akainua uso.

"Sema tu, kaka," alisema. "Nitabeba. Usinizungushe."

Wubishet alimwona mwanamke aliyekaa kwenye moshi wa akina mama wa injera miezi yote ile. Akaona kwamba angeweza kumwambia lolote sasa hivi na angelibeba.

"Yeshi," alisema, "sijui. Sijui kama baba yako yu hai au amekufa. Hakuna aliyenituma. Nilikuja kwa sababu ya jopo. Nilikuwa mjinga. Sijui."

Yeshi aliacha kujitikisa. Alimtazama muda mrefu, na Wubishet aliona kitu kikigeuka machoni mwake, si faraja, bali kitu kigumu zaidi. Katika misiba yote ya maisha yake hakuna mleta habari aliyewahi kumwambia mtu kwamba hajui.

"Hujui," alisema.

"Sijui."

Akasimama, akafuta uso kwa pindo la nguo. "Basi siwezi kwenda chuoni, kaka Wube. Unaelewa? Ningekuwa nimeambiwa amekufa, ningeweza kusimama. Nikiambiwa mzima, vilevile. Lakini hivi siwezi. Naenda kumwangalia."

Chama hakimwachi mtu aende peke yake. Basi dogo lilikuwa limeshakodiwa, wazee na wanawake wameshapanda. Wubishet akawatuma Seifu na Kalkidan chuoni wakashikilie nafasi, kisha yeye mwenyewe akapanda. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu kundi lilikuwa linavunjika tena, na safari hii alitaka kuwa pale linapovunjikia.

Barabara ilipanda. Mikaratusi ikapungua, yakaja mashamba ya shayiri yaliyovunwa na kuta za mawe, na upepo wa nyanda za juu ukapenya kwenye madirisha. Yeshi alikaa nyuma kabisa, katikati ya wanawake wawili waliomshika mikono. Wubishet alikaa mbele karibu na mlango. Hapo ndipo alipokisikia kitu kifuani mwake. Kwanza alidhani ni sala, kwa sababu kilikuwa na mdundo wa sala. Kisha akayasikia maneno yake. Kilikuwa kinaomba mzee awe amekufa.

Kilikuwa kinaomba kwa upole, kwa hoja nzuri. Mzee ni mtu wa miaka mingi. Ni mgonjwa. Siku yake ipo tu, leo au wiki ijayo. Kama ni leo, barua itaandikwa, mhuri utapigwa, na mtunza bohari mmoja ataokoka. Wubishet aliweka kichwa kwenye kioo cha baridi. Alijaribu kukinyamazisha. Kikanyamaza kidogo, kikaanza tena. Alijua kwamba hata akiishi mpaka uzeeni hatamwambia mtu yeyote, na kwamba hatasahau jinsi kilivyokuwa na sauti yake mwenyewe.

Basi lilipoacha lami na nyumba ya mzee ikaonekana kwenye mteremko, wanawake wakavuta mashuka yao na kuanza kulia kwa sauti, kama desturi itakavyo. Mlangoni, kwenye jua, palikuwa na mtu amekaa kwenye jiwe, amejifunika blanketi jeupe.

Mtu huyo aliinuka. Aliona basi la Addis, asubuhi, limejaa watu waliovaa nyeusi wanaolia, na hakuhitaji kuambiwa. Blanketi likamdondoka. Akaanza kujipiga kifuani kwa ngumi, akiteremka na miguu yake ya mgonjwa, akiita jina moja.

"Yeshi! Mwanangu! Yeshi!"

Nyuma ya basi Yeshi alikuwa anapiga kelele, anapigana na magoti ya watu ili atoke. Wubishet alishuka kwanza kwa sababu alikuwa mlangoni, na mzee akamwangukia, akaukamata mkono wake wa kulia kwa mikono yote miwili, mikavu, yenye nguvu kuliko ilivyoonekana.

"Wewe niambie. Alikufaje?"

"Yu hai, baba. Anashuka. Yuko nyuma yangu."

"Ndivyo msemavyo siku zote," mzee alisema, akilia.

Kisha Yeshi akatoka. Sitayaeleza yaliyofuata. Waliokuwepo walilia kilio ambacho hakina jina kwetu, kwa sababu desturi haikukiandalia mahali. Mzee alimkumbatia bintiye kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa bado amemshika Wubishet, kama mtu aliyeokolewa mtoni asivyoachia kamba hata akifika nchi kavu.

Wakaingizwa ndani. Ilikuwa karibu saa nne. Wanawake wa basi walikuwa wamebeba mchuzi wa shiro na injera za msiba, na kwa kuwa chakula hakirudishwi, wakakiandaa. Simu ya Wubishet ikalia. Alikuwa Seifu, ananong'ona kwenye korido ya chuo. Wubishet akamwambia mzee ni mzima. Seifu akasema taratibu kwamba jopo linamalizia kundi lililowatangulia.

Ato Tessema, aliyekuwa ameisikia habari ya barua kule uani, alielewa bila kuulizwa. Akaja kuchuchumaa karibu, akatoa mhuri mfukoni na karatasi ya chama. "Tarumbeta limepigwa," alisema. "Hema limesimama. Kwa chama, msiba upo. Naandika jina, napiga mhuri, unaipiga picha. Karatasi haijawahi kumuua mtu."

"Andika, Gashe Tessema," Yeshi alisema. Alikuwa amesimama nyuma yao. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Mimi ndiye mtoto. Ruhusa ninatoa mimi. Ni kwa ajili yake."

Mzee Shewangizaw hakusikia vizuri. Aliuliza wanaandika nini. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa Wubishet, wenye joto, kama ndege aliyeshikwa.

Seifu bado alikuwa kwenye simu. "Gashe, karatasi moja tu. Mzee hatajua maisha yake yote."

Wubishet aliutazama ule mkono. Alifikiria bohari, mita zilizokufa kwenye rafu, suti aliyoivaa. Alifikiria ile sauti ndani ya basi, jinsi ilivyomwombea kifo mzee huyu.

"Waambie hakuna msiba, Seifu," alisema.

"Na wewe je?"

"Waambie hakuna aliyekufa."

Akazima simu. Yeshi akafunika uso. Ato Tessema alibaki ameshika karatasi tupu muda kidogo, halafu akaikunja. Sinia likawekwa katikati. Mzee, bila kumwachia, akamega injera kwa mkono wake wa kulia, akaikunja na shiro, donge kubwa la heshima, akaliinua mpaka mdomoni mwa mgeni.

"Kula, mwanangu," alisema. "Umekonda. Una shida gani?"

Wubishet akafungua mdomo akalishwa. Alitafuna polepole, akitazama sakafu ya udongo.